Zawadi za sikukuu: Mkono mtupu usikuzuie kwenda nyumbani

Itilima. Ikifika Desemba, simu zinazopigwa kutoka Lagangabilili kwenda Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam huwa na maswali mawili. La kwanza huulizwa na bibi: “Mnakuja lini?” La pili husikika kwa nyuma, kutoka kwa wajukuu wanaogombea simu: “Mtatuletea nini?”

Aliyeko mjini huyasikia yote mawili, lakini linalobaki kichwani ni la pili. Anapiga hesabu ya nauli ya watu watano, anaongeza kitenge cha mama, shati la baba, nguo za watoto wa kaka, sukari, mchele na sabuni. Hesabu ikigoma, anasema maneno ambayo familia nyingi zimeshayazoea: “Mwaka huu kazi zimebana, tutakuja mwakani.”

Mara nyingi kazi hazijabana. Kilichobana ni mfuko, na nyuma ya mfuko ipo aibu ya kushuka kwenye gari mikono ikiwa mitupu. Mwakani nako hesabu inagoma tena, na bibi anazeeka akiwa na wajukuu anaowajua kwa picha za simu.

Hiyo ndiyo gharama ya zawadi ambayo hatuiandiki kwenye daftari la matumizi. Kitu kilichokusudiwa kuwakutanisha ndugu ndicho kinachowafanya wakwepane. Kabla hujapiga simu ya kuahirisha safari, au kabla hujamfukuza mtoto anayekuuliza atapata nini Krismasi, tulizungumze jambo hili.

Pamba na Krismasi havipatani

Lagangabilili ni makao makuu ya Wilaya ya Itilima, moja ya wilaya tano za Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 na unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba. Kwa familia nyingi za huku, pamba ndiyo mshahara.

Mshahara huo una miezi yake. Fedha huanza kuingia msimu wa ununuzi unapofunguliwa, kuanzia Mei. Novemba na Desemba ni miezi ya kupanda. Krismasi humkuta mkulima ameshika jembe, akiba ya chakula imeanza kupungua, na fedha ya katikati ya mwaka imeshakwenda kwenye madeni, mabati, mifugo na matibabu.

Mjini nako si salama. Mshahara wa Desemba ukilipwa mapema kwa ajili ya sikukuu, unatakiwa uvuke Mwaka Mpya na ufike mwisho wa Januari. Wafanyakazi wanaifahamu Januari hiyo, mwezi wenye siku 31 unaoonekana kuwa na 60.

Katikati ya hayo yote shule zinafunguliwa. Tangu Januari 2016 shule za Serikali kuanzia msingi hadi kidato cha nne zimefutiwa ada, lakini sare, viatu, begi na madaftari bado vipo mikononi mwa mzazi.

Kwa hiyo mwezi ambao kila mtu anatarajia zawadi ndio mwezi ambao mtoaji na mpokeaji wote wana kidogo. Mzazi usiyekuwa na cha kutoa Desemba hujashindwa kulea. Sikukuu imekukuta katika mwezi mgumu, wewe pamoja na majirani zako wengi.

Methali mbili zinazogombana

Lugha yetu yenyewe haijaamua kuhusu zawadi. Methali moja inasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nyingine inajibu kwamba mkono mtupu haulambwi. Ya kwanza inakufariji, ya pili inakutisha, na mtu anayepanga safari ya nyumbani huwa nazo zote mbili kifuani.

Mwaka 1925 msomi wa Kifaransa Marcel Mauss aliandika kwamba zawadi, hata ikionekana ya hiari, hubeba wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Mzazi wa Itilima hahitaji kusoma Kifaransa kulijua hilo. Amechangia harusi na misiba, na anakumbuka nani alikuja na nini.

Ndiyo maana hata mpokeaji haonekani kufurahi sawasawa. Anashukuru, kisha moyoni anajiuliza atarudisha nini. Mama aliyeletewa sufuria na wifi yake anaweza kufurahia sufuria na wakati huohuo akahisi ameambiwa vyombo vyake ni vibovu. Baba anaweza kucheka shemeji yake anapomnunulia mtoto baiskeli, kisha usiku akashindwa kulala kwa sababu mtoto aliiomba kwake kwanza.

Hisia hizo si roho mbaya wala kukosa shukrani. Ni kawaida ya binadamu. Tatizo huja pale tunapozificha na kuziacha zitoke kwa njia nyingine: kununa, kusema pembeni, kukopa ili kumzidi ndugu, au kutokwenda kabisa.

Fedha ya simu imeongeza uzito. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, ilirahisisha sana kuwakumbuka wazazi. Lakini kitenge hakina bei iliyoandikwa mgongoni, na ujumbe wa fedha unayo. Mzee akipokea 20,000 na ya kutolea kutoka kwa mdogo, na 50,000 kutoka kwa mkubwa, ulinganisho umeshafanyika hata kama hakuna aliyetamka neno.

Mimi ni wa kizazi kilichoanza kupokea mshahara juzi tu, na nimeona jinsi swali la “umetuletea nini?” linavyobadilika mtu akishapata ajira. Ukiwa mwanafunzi ni utani. Ukishaajiriwa unalisikia kama bili. Mara nyingi muulizaji hajabadilika. Mtoto anayekimbilia gari akiuliza umeleta nini anakuambia pia kwamba amefurahi umefika, na hilo ndilo neno alilonalo.

Zawadi moja, watoto kumi

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa wastani wa watu katika kaya moja nchini ni 4.3. Kaya za Simiyu ni kubwa kuliko hapo. Nyumbani kwa babu, wakati wa sikukuu, unaweza kukuta watoto kumi au zaidi: wa kaka, wa dada, wa shangazi, na wale waliolelewa hapo hadi hakuna anayeuliza wametoka wapi.

Sasa fikiria mtoto mmoja wa mjini anashuka na mdoli unaolia ukibonyezwa tumbo. Hadi jioni mdoli umeng'olewa mkono, watoto wawili wamechapwa, na mama wa mwenye mdoli hazungumzi na wifi yake. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kitu kimoja kimewekwa mbele ya macho kumi.

Penye watoto wengi, zawadi ya wote ni bora kuliko ya mmoja mmoja. Mpira mmoja mzuri hukusanya uwanja mzima hadi giza liingie. Kamba ya kuruka, kete za bao, kitabu cha hadithi cha kusomwa na mkubwa huku wadogo wakisikiliza, vyote vina nafasi kwa kila mtoto. Kilo kadhaa za mchele na sukari ya chai ya asubuhi ya Krismasi ni zawadi ambayo haimwachi mtu nje.

Kama umeamua kununua kwa kila mtoto, nunua vinavyolingana. Peni na daftari kwa kila mmoja vitaleta amani kuliko viatu kwa wawili na pipi kwa wanane. Na kama una kitu maalumu kwa mtoto mmoja, labda yatima au mgonjwa, mpe faragha kupitia kwa anayemlea.

Mwambie mtoto ukweli mapema

Mzazi aliyebanwa na maswali ya mtoto huwa na majibu mawili ya haraka. La kwanza ni ukali: “Unadhani naokota fedha?” La pili ni ahadi ya uongo: “Ukiwa na adabu, utapata.” Yote mawili yana madhara.

Ukali unamfundisha mtoto kuwa kutamani kitu ni kosa. Ahadi ya uongo ni mbaya zaidi, kwa sababu siku ikifika hakuna kitu, mtoto hatasema mzazi hana fedha. Atasema hakuwa na adabu ya kutosha. Umaskini wa nyumba umegeuzwa kuwa hukumu juu yake.

Mtoto wa miaka sita au saba anaweza kuelewa sentensi fupi ya kweli: “Mwaka huu hatutanunua nguo mpya. Fedha iliyopo ni ya sare yako ya Januari. Siku ya Krismasi tutachinja jogoo na tutakwenda kwa bibi.” Atanuna kidogo. Mwache anune. Huzuni inayoelezwa mapema hupita, na mtoto anafika siku ya sikukuu akiwa anajua cha kutarajia.

Msikilize pia anachotamani, hata kama huwezi kukitoa. Muulize kwa nini anakitaka. Mtoto anayeomba baiskeli huenda anachotaka ni kwenda na wenzake mtoni. Anayeomba simu huenda amechoka kuachwa peke yake jioni. Wakati mwingine ombi lenye bei kubwa lina jibu dogo ndani yake.

Vipi kuhusu viatu vya shule?

Wazazi wengi hutatua hesabu kwa kufunga pamoja Desemba na Januari: sare na viatu vya shule ndivyo zawadi ya Krismasi. Ni busara kwa upande wa fedha, na mtoto atavaa viatu hivyo vikiwa vipya kanisani au matembezini.

Hata hivyo mtoto anajua kuwa sare ni lazima. Ukimpa sare na kumtaka aruke kwa furaha, anaona umechukua kilicho haki yake ukakiita zawadi. Mweleze kwa uwazi kuwa hivi ni vya shule na sikukuu imevitangulia. Kisha ongeza kitu kidogo kisicho na kazi yoyote ila kumfurahisha: puto kwa mkubwa kidogo, bangili, au andazi la moto mlilokaanga pamoja. Furaha ya mtoto haihitaji bei kubwa, ila inahitaji kitu kilicho chake.

Vichache vinatosha

Wapo wazazi wenye uwezo ambao kosa lao ni la upande wa pili, wanaomrundikia mtoto. Kwao kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2018. Watafiti waliwachunguza watoto wadogo 36, mara wakiwa na vitu vinne vya kuchezea, mara wakiwa na 16. Walipokuwa na vinne, walicheza na kila kimoja kwa muda mrefu zaidi na kwa njia nyingi zaidi.

Mtoto wa kijijini anayetengeneza gari kwa makopo na visoda yuko karibu na matokeo hayo kuliko tunavyofikiri. Anatumia mikono na akili, na kikiharibika anajua kukitengeneza.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2012 kutoka Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Canada, uliangalia watoto wasiofikisha miaka miwili. Walipewa biskuti, kisha wakaombwa kumgawia mwanasesere. Nyuso zao zilionyesha furaha zaidi walipotoa kuliko walipopewa, na zaidi tena walipotoa biskuti kutoka kwenye bakuli lao wenyewe.

Kwa hiyo usimnyime mtoto wako nafasi ya kuwa mtoaji. Mwache amchagulie bibi sabuni dukani. Mwache achore picha ya familia na kuandika majina. Mtoto anayeenda kijijini akiwa na kitu chake cha kumpa bibi hataishia kuuliza atapewa nini.

Kupokea nako ni adabu

Tunazungumzia sana kutoka mjini kwenda kijijini, na kusahau mzigo unaorudi. Familia ikiondoka Itilima baada ya Mwaka Mpya, mara nyingi gari hubeba michembe, karanga, choroko, na kuku aliyefungwa miguu anayelalamika njia nzima. Ukivipigia hesabu kwa bei ya soko la mjini, huenda vinazidi ulivyoleta. Na vimetoka katika ghala linaloelekea kuisha.

Mtoto wa mjini anaweza kukunja uso akiona michembe. Kumkaripia mbele za watu kunamwongezea bibi aibu. Mfundishe kabla ya safari mambo matatu: apokee kwa mikono miwili, ashukuru, na asiulize kitu kingine. Mfundishe pia kusema “wabeja”, shukrani ya Kisukuma. Neno hilo likitoka kwa mjukuu aliyezaliwa Dar es Salaam, bibi atalizungumzia hadi mavuno.

Mkifika nyumbani, ipike hiyo michembe. Ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, chakula kinachotia nguvu, na vikichemshwa na karanga zilizosagwa mtoto mwenyewe ataomba tena. Mpigie bibi simu mkiwa mezani, mumwambie mnakula zawadi yake.

Kwa mzazi uliyezidiwa na ndugu katika kutoa, kama yule baba wa baiskeli, jambo gumu ni kusema asante bila kuongeza neno. Ukiweza, mweleze shemeji kwa upole kwamba mwakani mshauriane kwanza. Mtoto asiingizwe humo. Baiskeli itachakaa, ila atakumbuka nani alimshikia kiti akijifunza kuiendesha, na hiyo nafasi bado ni yako.

Usalama wa zawadi

Kama mwandishi wa habari za afya, siwezi kufunga bila kutaja zawadi zinazoweza kuharibu sikukuu.

Betri ndogo za duara, bapa kama kitufe, zipo ndani ya midoli yenye sauti, saa na taa za kuchezea. Mtoto akimeza, inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Usimtapishe. Mwahishe hospitali hata kama anaonekana mzima.

Vitu vyenye vipande vidogo visimfikie mtoto wa chini ya miaka mitatu, na puto lisimfikie wa chini ya miaka minane. Puto lililopasuka likiingia kooni huziba njia ya hewa.

Karanga nzima na pipi ngumu humpalia mtoto wa chini ya miaka mitano kwa urahisi. Karanga za bibi zisage au zitwange kwanza.

Soda ya mililita 350 inaweza kuwa na sukari ya vijiko vinane hadi tisa vya chai. Chupa moja siku ya sikukuu haina vita. Kreti iliyowekwa wazi kwa watoto wiki nzima ni jambo jingine.

Simu au tableti si zawadi ya mtoto mchanga. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikae mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku.

Piga simu leo

Turudi kwa mzazi anayetaka kusema kazi zimebana. Badala ya uongo huo, jaribu sentensi hii: “Mama, tunakuja, lakini mwaka huu hatuna kitu. Nauli imechukua chote.” Ni sentensi nzito kuitamka. Ukishaitamka, shingo inakuwa nyepesi, na nyumbani wanajua wasitarajie zaidi.

Kama hata nauli haipo, sema hivyo pia, kisha panga tarehe nyingine. Sikukuu si lazima iwe Desemba 25. Kwa familia ya wakulima wa pamba, safari ya Juni inaweza kuwa bora: shule hufungwa katikati ya mwaka, na nyumbani wana fedha na muda.

Kwa ndugu wenye uwezo tofauti, kubalianeni kiasi kimoja ambacho wa chini kabisa anakimudu, mnunue kitu kimoja kwa wazazi kwa jina la watoto wote. Mwenye zaidi atatoa zaidi kimyakimya, bila kumvua nguo mdogo wake.

Na wewe uliyepo Lagangabilili unayewasubiri, una sehemu yako. Watoto wakianza kupiga kelele nyuma ya simu wakiuliza wataletewa nini, wanyamazishe kidogo. Mwambie mwanao maneno anayohitaji kuyasikia kabla hajaanza kupiga hesabu: “Njooni tu, chakula kipo.”